Kabla hujakipasua: Dhahabu iliyomo ndani ya kompyuta kongwe

Swali limetufikia kutoka Didia, nasi tumeona si haki kulijibu kwa mistari miwili katika safu ya barua. Muulizaji, ambaye ni baba wa familia, anasema ameletewa kipande cha kauri chenye ukubwa wa kiganja. Miguu yake yote inang'aa kwa rangi ya dhahabu, na juu kina mfuniko wa chuma uliozibwa pande zote. Muuzaji anadai kwamba huo ni ubongo wa kompyuta kuu ya zamani iliyokuwa ikitumika serikalini, kwamba ndani mna dhahabu halisi, na kwamba bei anayoitaka ni ndogo kwa sababu yeye hana utaalamu wa kukifungua. Baba huyu anauliza mambo mawili: je, ni kweli dhahabu imo? Na kama imo, akifungue vipi?

Tunaongeza swali la tatu ambalo hakuliuliza, nalo ndilo lililotufanya tuiweke makala hii katika kurasa za familia badala ya ukurasa wa biashara: atakifungulia wapi, na nani watakuwa karibu?

Kwa wasioijua, Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji. Hata hivyo, vijana wengi wa ukanda huo wamepita machimboni, wengine Mwakitolyo, wengine Kakola, wengine wakavuka hadi Nyarugusu na Geita yenyewe, na wanaporudi nyumbani hurudi na ujuzi. Wanajua duara, wanajua karasha, wanajua kazi ya mwaloni. Wanajua namna zebaki inavyoikumbatia dhahabu na namna moto unavyoitenganisha tena. Ujuzi huo ni mali, lakini katika jambo hili ndio unaotutia hofu, kwa kuwa mtu aliyezoea kuyatibu mawe kwa zebaki na asidi atakitazama kipande cha kompyuta kama jiwe jingine tu, naye atakitibu vivyo hivyo, pengine nyuma ya jiko la nyumbani.

Dhahabu imo, lakini ni kiasi gani?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Dhahabu haishiki kutu, hupitisha umeme vizuri, na hukubali kuvutwa ikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa sababu hizo waundaji wa kompyuta waliipaka kwenye miguu ya vipuri, wakaipaka kwenye mifuniko, na wakaunganishia nyaya za ndani. Vipuri vya kale vilipakwa kwa ukarimu zaidi, na sababu yake mchimbaji yeyote ataielewa, kwa maana ni bei. Hadi mwaka 1971 bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 za Marekani kwa wakia moja. Agosti ya mwaka huo Marekani iliacha kubadilisha dola kwa dhahabu, bei ikaachwa huru, na kufikia Januari 1980 ilikuwa imegusa dola 850. Viwanda vikaanza kuibana dhahabu, tabaka likapunguzwa unene mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kipuri cha mwaka 1970 kinaweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko ndugu yake wa mwaka 1990 aliye na nguvu za kuhesabu maradufu.

Vilevile ni kweli kwamba taka za kompyuta, zikichukuliwa kwa tani, zina utajiri kuliko mwamba. Tani moja ya bodi za kompyuta inaweza kuwa na dhahabu ya gramu 200 hivi, ilhali tani ya mawe ya mgodi mzuri huwa na gramu chache tu. Maneno haya yakifika kijiweni hugeuka kuwa hadithi ya utajiri, kwa sababu msimuliaji huliacha nyuma lile neno "tani". Gramu 200 kwa tani ni sawa na sehemu mbili za kumi za gramu kwa kilo, yaani pointi mbili kwa lugha ya mialo. Na hiyo ni kilo nzima ya bodi, tena kwa mwenye kiwanda kisichopoteza kitu.

Tuhesabu pamoja. Chukua bapa la sentimita 10 kwa sentimita 10, ulipake lote dhahabu yenye unene wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ujazo wa dhahabu hiyo ni sehemu moja ya mia ya sentimita moja ya ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3. Kwa hiyo bapa lote, linalong'aa kama kifuniko cha sanduku la bibi harusi, lina gramu 0.193. Haifiki pointi mbili.

Au tazama nyaya za ndani, ambazo ndizo hasa watu huzipasulia kauri. Unene wake wa kawaida ni kama milimita 0.025. Mita moja ya waya kama huo ina uzito wa miligramu tisa na nusu hivi, kwa hiyo gramu moja yataka zaidi ya mita 100. Chipu yenye nyaya 40, kila mmoja ukiwa na urefu wa milimita mbili, ina sentimita nane tu za waya. Ili upate gramu moja kwa njia hiyo itakubidi upasue chipu zaidi ya 1,300. Tunamwomba baba wa Didia aiweke hesabu hii kando ya bei aliyotajiwa, halafu ajionee mwenyewe.

Ubongo wa serikali ulikuwa kabati

Sasa tuyatazame madai ya muuzaji kwamba kipande hicho ni prosesa ya kompyuta kuu ya serikali, prosesa maana yake ile sehemu ya mashine ifanyayo hesabu na kutoa amri. Historia yenyewe ni fupi nayo inasaidia.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ni ICT 1500, jina la Kiingereza la mashine iliyobuniwa Marekani na kampuni ya RCA, ambako iliitwa RCA 301. Mashine ile haikuwa na prosesa ya kushikwa mkononi. Prosesa yake ilikuwa kabati zima, ndani ya kabati mna safu za kadi, na juu ya kila kadi mna transista zilizopangwa mojamoja. Kumbukumbu yake ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishwa nyaya, kama shanga zinavyotungwa uzini. Kwa hiyo mtu akikuletea kauri moja na kusema kwamba ndiyo ubongo mzima wa kompyuta ile ya Wizara ya Fedha, ama amedanganywa ama anadanganya.

Tena mashine za aina hiyo hazikuwa nyingi nchini. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa idhini maalumu, na zuio hilo liliendelea kwa miaka mingi. Nchi iliyokuwa na kompyuta kuu chache hivyo haiwezi kuwa na mabaki yake yakizagaa kwenye kila gari la vyuma chakavu. Kikipatikana kipuri cha kweli cha zama hizo, chenye alama zake na historia ya kule kilikotoka, basi ni kitu adimu. Na uadimu huo unakwisha mara nyundo inapoanguka.

Vipande vya prosesa vilivyofungwa ndani ya kauri ni habari ya hatua zilizofuata. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta zake za System/360. Humo mlikuwa na vipande vidogo vya mraba vyenye upana wa milimita 12 na ushei, vimefunikwa kofia ya alumini, na ndani ya kila kimoja mna transista chache tu. Prosesa moja ilihitaji maelfu ya vipande hivyo. Anayekifungua kimoja hapati donge la dhahabu. Anakuta kauri nyeupe iliyochorwa njia za umeme na chembe ndogo za silikoni zilizolehemiwa juu yake.

Miaka 16 baadaye, Novemba 1980, kampuni hiyohiyo ilitangaza kompyuta ya IBM 3081, na hapo ndipo kilipozaliwa kitu kinachostahili kweli kuitwa moduli ya prosesa. Tunaieleza kwa kirefu kwa sababu ni kazi ya ajabu, na kwa sababu wanaosikia habari zake ndio hutamani zaidi kuipasua. Chini yake pana kauri ya mraba yenye upana wa milimita 90. Kauri hiyo si bapa moja, bali ni tabaka 33 zilizochorwa njia za umeme kisha zikaokwa pamoja zikawa kitu kimoja. Juu yake zimelazwa kifudifudi chipu zaidi ya 100, kila moja ikisimama juu ya vitone vya risasi na bati. Chini ya kauri mna miguu 1,800. Joto lilikuwa kali mno kwa feni kulimudu, basi kila chipu ikawekewa mtaimbo mdogo wa alumini unaosukumwa na springi uiguse mgongoni. Nafasi iliyobaki ikajazwa gesi ya heliamu, ambayo hupitisha joto mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida. Na juu ya yote likafungwa bamba linalopitishiwa maji baridi. Dhahabu iko hapo, kwenye miguu na sehemu nyingine za kauri, kama utando mwembamba.

Kukitambua bila kukiumiza

Mchimbaji mwenye akili hasagi shehena nzima kabla ya kujua jiwe lina nini. Hutwaa sampuli, akaiosha kwenye karai, akautazama mstari. Kipuri cha kompyuta nacho kina namna yake ya kupimwa, na nyingi hazihitaji hata bisibisi.

Anza na maandishi. Kifute kwa kitambaa kikavu, ukitazame kwa kioo cha kukuzia mahali penye mwanga, uandike kila herufi na kila tarakimu kwenye daftari. Mara nyingi utakuta jina au nembo ya mtengenezaji, namba ya kipuri, na tarakimu nne zinazotaja tarehe: mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Mathalani 7823 ni wiki ya 23 ya mwaka 1978. Ukisoma "i486" au "Pentium", mazungumzo ya kompyuta kuu yamekwisha hapohapo. Hizo ni prosesa za kompyuta za mezani zilizoanza kuuzwa mwaka 1989 na 1993, ziliundwa kwa mamilioni, na ndizo tunazoamini zinazungushwa zaidi kwa jina la "ubongo wa zamani", kwa kuwa kauri yake nyeusi au ya zambarau na miguu yake ya manjano huvutia jicho.

Kisha tumia sumaku, lakini uitumie kwa kuelewa. Wengi hudhani sumaku ikivuta basi kitu ni bandia, isipovuta basi ni dhahabu. Mifuniko ya vipuri hivi aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti, kwa sababu mchanganyiko huo hutanuka kwa joto kwa kiasi kilekile cha kauri na kwa hiyo hauipasui. Juu yake ndipo inapopakwa dhahabu. Sumaku itauvuta mfuniko huo, na dhahabu iliyo juu yake ni ya kweli. Isipokuwa sasa umekwisha jua kwamba ulichoshika ni chuma kilichovaa kanzu nyembamba ya dhahabu, hata kama muuzaji amekikata mfuniko pekee akakuuzia kama "bati la dhahabu". Sonara yeyote mwenye mizani na chombo cha maji atakuthibitishia kwa uzito, maana dhahabu ni nzito zaidi ya mara mbili ya chuma cha ujazo uleule.

Tazama pia namna kilivyofungwa. Je, mfuniko umelehemiwa? Umeshikwa kwa bolti? Umezibwa kwa kioo kilichoyeyushwa, ukiona mstari wa kijivu kati ya kauri mbili? Au kipande chote ni plastiki nyeusi iliyomiminwa? Jibu la hapa ndilo litakaloamua kama kinafunguka, na kwa njia gani. Piga picha pande zote, pamoja na rula kando yake. Kwa picha na namba hizo mtaalamu aliye Dar es Salaam au hata Uingereza anaweza kukitambua kipande kilichoko Didia bila kukigusa.

Kidani cha Khaybar

Tumepokea mafundisho yanayolihusu jambo hili kwa karibu kuliko mtu angedhani. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba swahaba Fadhala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha, akakuta dhahabu iliyomo peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akafundisha kwamba kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Wanazuoni wamelieleza tukio hilo katika mlango wa riba, kwa sababu pale dhahabu ilibadilishwa kwa dinari za dhahabu, na dhahabu kwa dhahabu haina budi kulingana uzito na kukabidhiwa mkono kwa mkono. Baba wa Didia atalipa kwa shilingi, kwa hiyo hukumu ya riba ya kuzidishiana uzito si yake moja kwa moja. Hata hivyo mlango wa pili uko wazi mbele yake, nao ni gharari. Sheria yetu imekataza kuuza samaki aliye majini na maziwa yaliyo kiweleni, kwa kuwa mnunuzi halijui analolilipia na muuzaji halijui analolitoa. Kauri iliyozibwa, ikiuzwa kwa bei iliyojengwa juu ya dhahabu ambayo hakuna kati ya wawili hao aliyeiona wala kuipima, inafanana na samaki huyo kiasi cha kumtia mtu wasiwasi.

Ikiuzwa kama kipuri kongwe, kwa maumbile yake yanayoonekana, hilo ni jambo jingine. Ikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, bei ya chuma chakavu, ni jambo jingine tena. Wakikubaliana kifunguliwe mbele ya wote wawili, sonara apime, ndipo bei ipangwe, wamepita njia ya kidani. Masheikh wa msikiti wake watamweleza zaidi kwa kuwa wao watawaona wenye kuuziana na kukisikia kilichosemwa. Sisi tunaona kwamba muuzaji anayekataa njia zote tatu na kung'ang'ania ile ya kufumbiwa, keshajieleza.

Kukifungua

Tuchukulie sasa kwamba kipande kimetambuliwa, si adimu, kimeharibika, na mwenyewe ameamua kukifungua. Kuna vinavyofunguka kwa amani.

Moduli iliyofungwa kwa bolti hufunguliwa kwa spana, bolti zikilegezwa kidogokidogo kwa mpango wa msalaba, hii kisha ya upande wa pili, ili kauri isielemewe upande mmoja ikapasuka. Heliamu itatoka bila harufu wala madhara. Springi zilizomo ndani zinasukuma. Mfuniko ushikiliwe kwa mikono miwili, vinginevyo mitaimbo itaruka na kutawanyika sakafuni.

Mfuniko uliolehemiwa ni kazi ya joto. Lehemu iliyotumika katika vipuri vingi bora ni asilimia 80 dhahabu na asilimia 20 bati, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 280. Mafundi wa simu, wale wenye vibanda mjini Shinyanga na Kahama, wana mashine ya hewa moto inayofika nyuzi hizo na kuzipita. Fundi akipasha mfuniko taratibu kisha akauinua kwa koleo nyembamba, mnabaki na kila kitu: mfuniko, kauri, chipu, nyaya. Kazi ya dakika chache, na iwe mahali penye hewa, maana vipuri vingine vimelehemiwa kwa risasi. Tunasisitiza fundi wa hewa moto kwa sababu mbadala wake unaojulikana ni jiko la mkaa, ambalo halina kipimo, na moshi wake wa plastiki na risasi huingia ndani ya nyumba.

Vya plastiki nyeusi viachwe. Havifunguki bila asidi, na kilichomo hakilipi gharama ya asidi, acha ya hospitali.

Hapa tunafika kwenye lile swali la tatu. Asidi ya naitriki ikikutana na shaba ya miguu ya kipuri hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Aliyeuvuta anaweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, akala chakula cha jioni, kisha mapafu yakaanza kujaa maji usiku au kesho yake. Zebaki ikichomwa huwa mvuke usioonekana, hutua kwenye kuta, kwenye chandarua, kwenye nguo za mtoto, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa aliye tumboni. Risasi hudumaza akili ya mtoto mdogo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mambo haya matatu yote hufanyika katika sufuria moja pale mtu anapoamua "kuipika" kompyuta nyumbani, na sufuria hiyo tumesikia ikisuguliwa mchanga na kurudishwa kupikiwa uji. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo haitakasiki kwa mchanga. Itobolewe, iondoke katika matumizi ya chakula.

Kuna hatari ya nne ambayo hata wachimbaji wa siku nyingi hawaijui, kwa kuwa haimo katika mawe ya kwao. Baadhi ya kauri za vipuri vya zamani, hasa zilizoundwa ili kupitisha joto jingi, zimetengenezwa kwa oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haidhuru. Ikisagwa, ikipigwa nyundo, ikapigwa msasa au ikaingizwa kwenye karasha, vumbi lake huingia mapafuni na kuzaa maradhi yanayoweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa macho haina tofauti na kauri nyeupe ya kawaida. Kwa hiyo kauri usiyoijua asili yake haivunjwi, haichongwi, haisagwi. Tunajua karasha liko jirani na linavutia. Tunasema hapana bila ya kusita.

Sheria nayo haiko mbali. Zebaki na asidi hizi ni kemikali zilizo chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walipooza na watoto wakazaliwa wakiwa na ulemavu kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Kukusanya na kurejeleza taka za kielektroniki kibiashara kwahitaji kibali kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Na hata dhahabu ikipatikana, pahala pake pa kuuzia ni masoko ya madini, ambayo lile la Geita lilifunguliwa Machi 2019, ambako kuna mizani iliyokaguliwa na risiti. Anayenunua gizani huwa na sababu ya kununua gizani.

Tunamshauri basi muulizaji wetu asinunue kwa bei aliyotajiwa. Amwombe muuzaji ruhusa ya kunakili namba na kupiga picha. Muuzaji mkweli hatakataa. Namba zikionyesha ni prosesa ya kompyuta ya mezani, thamani yake ni ya kilo. Zikionyesha ni moduli ya kompyuta kuu, awaandikie Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kabla ya mtu yeyote kushika spana, maana wako wakusanyaji na majumba ya makumbusho ya kompyuta ng'ambo wanaokitaka kitu kama hicho kikiwa kizima, na ambao hawatatoa chochote kwa vipande vyake. Na kama kimekwisha kununuliwa na kimekwisha kufunguliwa, kisitupwe wala kisiachwe uani kuku wakidonoa.

Kauri iliyofunguliwa vizuri, ikiwa haikuvunjika, inaweza kuwekwa katika kasha lenye kifuniko cha kioo na kupelekwa shule ya sekondari iliyo karibu. Mwalimu wa fizikia mwenye lenzi ya kawaida ataweza kuwaonyesha wanafunzi zile nyaya zinazotoka ukingoni mwa chipu na kushuka kwenye kauri, nyembamba kuliko unywele, za rangi ileile ambayo baba na kaka zao wameitafuta chini ya ardhi. Wazihesabu.